Aliyevaa Namba Sita

"Damu hii ni ya nani?"

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na najua wengine mmenilaani wiki nzima. Haya, turudi uwanjani Bofu, huku Likoni. Saa tano asubuhi, fainali imekwisha, watu mia nne wamezunguka meza yenye kombe dogo. Aliyeuliza ni Mueni, mama anayefua jezi za timu ya Bofu. Ameinua jezi namba sita kwa mikono miwili, na penye bega pana doa la rangi ya kutu, pana kama kiganja.

Aliyeulizwa ni Mwalimu Mwidani, jaji wa mpira wa magongo, ambaye kazi yake si kupuliza filimbi bali kuwapa wachezaji alama.

"Nimeifua mara tatu kwa sabuni ya mche, haitoki," Mueni akaendelea. "Jumaa huyu hapa, hana hata mkwaruzo. Mnampa kombe kwa mchezo wa Jumapili. Basi nauliza tu. Damu ni ya nani?"

Jumaa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kombe, akitazama viatu vyake.

Kwa aliyelipokea gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: kombe hilo lilikuwa la mchezaji bora wa mtoano, tangu robo fainali mpaka fainali, kwa timu za Likoni, Kisauni na Changamwe. Lenyewe lilikuwa la bati lililopakwa rangi. Lakini nyuma yake ilikuwako barua. Kampuni moja ya kupakia mizigo bandarini, yenye timu yake ya magongo, ilikuwa imeahidi kumwajiri mchezaji bora siku ya Jumatatu. Kazi ya kudumu, si kibarua! Mwaka huo wa 1987 vijana wa Likoni walikuwa wakiamka alfajiri kupanga foleni ya kibarua, na saa tatu wanarudi na mikono mitupu.

Na Jumaa, usisahau, alikuwa mchumba wa Johari, binti wa Mwalimu Mwidani. Harusi ilikuwa ikingoja kazi.

Mwidani angeweza kusema, "Sijui." Lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni, watu wamenyamaza, na kwa miaka ishirini hakuna mtu wa Bofu aliyepata kumsikia Mwidani akisema hajui jambo la magongo.

"Jezi hupata mengi uwanjani, mama," akasema. "Huenda umeifua pamoja na kanga mpya."

Watu wakacheka. Kicheko kile kikampanda kichwani.

"Na nusu fainali ya Jumapili jaji nilikuwa mimi, peke yangu. Wallahi, niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu haya mawili!"

Makofi yakalia. Kombe likaenda kwa Jumaa, naye akalipokea kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. Mueni akaikunja ile jezi, akaitia kikapuni, akaondoka bila kumuaga mtu.

Wallahi, alisema. Kwenye spika. Sasa sogea karibu nikwambie jambo ambalo Mueni hakulijua, nawe usimwambie mtu mpaka tufike mwisho wa safu hii.

Mwalimu Mwidani hakuona kitu.

Jumapili ile filimbi ya mapumziko ililia pamoja na adhana ya alasiri. Msikiti uko nyuma ya goli. Dakika kumi zinatosha rakaa nne, Mwidani akaenda kusali, na hapo hakuna wa kumlaumu. Imamu alipotoa salamu akatangaza kwamba kuna jeneza. Mzee Shee amefariki, mtu mpole, hakujaaliwa mtoto. Utasimama utoke? Mwidani akasali. Jeneza likainuliwa, mabega yakatafutwa, la kwake likawa la karibu. Makaburini wanaume wa ukoo hawakutosha kushuka kumpokea maiti, wakamtazama yeye. Akavua kile alichovaa mkononi, akakunja kanzu, akashuka.

Ningekuwa mimi ningeshuka pia. Nawe ungeshuka.

Lakini aliporudi uwanjani mchezo umekwisha na vijana wanabebana mabegani. Akamshika mtu wa kwanza aliyekutana naye. "Nani kacheza kipindi cha pili?"

"Namba sita, Mwalimu! Kona fupi tano, zote kazizuia yeye! Bila namba sita tulikuwa tumekwenda na maji!"

Mwidani akafungua orodha. Sita, Jumaa. Akaandika kumi juu ya kumi, akatia sahihi. Hapo ndipo mtu mwema alipogeuka mwongo, na haikuchukua hata dakika moja.

Turudi siku ya kombe. Baada ya adhuhuri nyumba ya Mwidani ilinukia kuku wa kupaka. Mkewe Mastura alikuwa jikoni tangu asubuhi. Bi Zubeda, mamake Jumaa, alikuwa akipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kama harusi ni leo. Mwenyekiti wa kamati, Chengo, alikuwa ameegesha pikapu yake kwenye mteremko, spika ya sherehe ingali juu, nyaya zake zikienda kwenye betri ya gari. Hakuegesha pale kwa kupenda. Betri yake ilikuwa ya kubembeleza, na bila mteremko hiyo pikapu haiwaki ila kwa kusukumwa.

"Jumatatu saa nne, mimi na Jumaa ofisini," Chengo alisema huku akinawa. "Mkurugenzi hataki mengi. Ataniuliza, mwenyekiti, huyu ndiye? Nitamwambia, jaji ni Mwidani. Basi, yamekwisha."

Mwidani alitabasamu. Akamsogezea Chengo bakuli la mchuzi.

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kula, msinitengee." Bi Barke, dadake marehemu Mzee Shee, aliingia na sahani iliyofunikwa kawa. Akasimama mbele ya Mwidani, macho yamejaa machozi. "Nimekuja kukushukuru. Ndugu yangu hakuwa na mwana. Nikasema, nani atamshika? Wakanambia, ndiwe uloshuka ukampokea. Mola akujazi kheri."

"Amin," Mwidani akajibu upesi. "Ni wajibu, Bi Barke. Keti upumzike."

"Lini hiyo?" Chengo aliuliza, kwa adabu tu, kidole kikiwa kwenye mchuzi.

"Jumapili, baada ya alasiri! Wanaume wasimulia mpaka leo. Mpira wapigwa hapo nyuma ya msikiti, makelele yafika makaburini, na Mwalimu, na mapenzi yake yote ya magongo, hakugeuza shingo. Akaa mpaka kaburi likamwagiwa maji, talkini ikasomwa, dua ikaombwa."

Mkono wa Chengo ukasimama sahanini.

"Na hiki ulikisahau pale juu ya mchanga," Bi Barke akasema, akafunua kawa.

Juu ya mahamri ulikuwapo utepe mwekundu wa kuvaa mkononi, umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa vizuri. Maandishi meupe yalisomeka hata na aliyekaa mlangoni. JAJI.

Kumbuka, msomaji, mama wa watu alikuja kwa shukurani. Alidhani anamletea heshima.

Alipotoka, hakuna aliyerudisha mkono kwenye chakula.

"Mwalimu," Chengo akasema taratibu, "si ulituambia utepe ulidondoka ndani ya feri?"

Mwidani alitazama mkeka.

"Jumapili kipindi cha pili ulikuwa wapi?"

Mkeka ule ulikuwa na miraba ya zambarau na kijani. Alikuwa ameishi nao miaka minane, siku hiyo ndiyo aliyoihesabu miraba yake.

Aliyesema ni Jumaa. "Kumbe hukuwako?"

"Nyamaza, Jumaa!" Bi Zubeda akafoka.

"Mama, niache. Mwalimu, kumbe kweli hukuona?" Sauti yake ilikuwa na mshangao, tena na kitu kama nafuu. "Paja lilinikaza kabla ya mapumziko. Nikatoka. Karisa, wa akiba, akaingia kwa nafasi yangu. Nikavua jezi, akavaa."

Chengo akajipiga kwenye paji la uso.

Timu ya Bofu ilikuwa na jezi kumi na moja tu, walizopewa na mfadhili ambaye hakuwahi kurudi. Wa akiba hawakuwa na jezi. Anayetoka huvua, anayeingia huvaa, na jasho la mwenzake likiwa ndani yake. Ndiyo desturi ya Bofu tangu magongo yaingie Bofu. Refa huambiwa, mchezo unaendelea, na watazamaji hufuata namba, si sura. Na Mwidani aliijua kuliko wote, maana alipokuwa kijana alichezea timu hiyohiyo na kuvaa jezi mbichi za wenzake misimu sita.

"Kona zile tano alizuia Karisa," Jumaa akasema. "Ya tano mpira ukampiga mdomoni. Ndiyo damu ile ya begani, alijifutia. Ana nyuzi saba, daktari kamkataza kusema mpaka zitolewe. Ndiyo sababu leo hakucheza."

"Na wewe ukalipokea kombe!" Mastura alisema kutoka mlango wa jikoni.

Jumaa akainamisha kichwa. "Jumatatu Mwalimu aliponinong'oneza kwamba amenipa kumi, nilidhani ameona. Nilidhani ajua si mimi, ila ameamua kunibeba kwa ajili ya Johari. Ningesemaje? Nisimame mbele ya watu nimwambie baba mkwe, wewe mwongo?"

Hapo, msomaji, ndipo aibu ilipomwingia Mwidani mpaka kwenye mifupa. Si utepe, wala jicho la Chengo. Kijana huyu alikuwa amembusu mkono wiki nzima. Kila asubuhi, shikamoo baba. Na kila asubuhi alikuwa akimbusu mkono mtu anayemjua kuwa mwizi. Alimstahi hivyo hivyo.

Pazia la chumbani likatikisika. Johari hakutoka, lakini sauti yake ilitoka.

"Baba, pale ulipoapa, uliapia nini?"

Mwidani akanyanyuka. Alitafuta viatu vyake, akavaa kimoja kinyume, akakivua, akavaa tena.

"Karisa anakaa wapi?"

"Kwa Mueni, chumba cha uani," Jumaa akajibu. "Lakini..."

Mwidani alikwisha kutoka.

Mueni alikuwa akianika. Hakumkaribisha.

"Umechelewa. Karisa amekwenda Miritini. Amepata utingo kwenye lori la bara, linaondoka leo. Alisikia jina la Jumaa kwenye spika, akabeba mfuko wake." Akakung'uta shuka. "Ana mama Kaloleni anangoja hiyo kazi ya kampuni kama mvua. Yeye mwenyewe alikuwa na hakika. Aliniandikia, jaji ni Mwidani, Mwidani huona kila kitu."

Chengo alikuwa amefuata nyuma kwa pikapu. Alifungua mlango tu. Mueni akatupa shuka kwenye beseni, akachukua kikapu chake, akapanda nyuma bila kuombwa.

Walivuka feri, wakapita mjini, wakapita Changamwe, Chengo akiendesha na Mwidani akitazama mikono yake. Njiani Chengo akasema.

"Ungaliniambia Jumapili ileile, Mwalimu. Ungalisema, nilikwenda kuzika. Nani angekulaumu?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

Mwidani akafungua kioo, Miritini ikaonekana mbele. "Walikuwa wakinitazama," akasema. "Wote waliniuliza, Mwalimu umeonaje? Nikaona aibu kusema sikuona."

Ndiyo hiyo tu. Aliona aibu ndogo, akaikimbia, akaangukia hii kubwa. Usimcheke sana. Nami nimewahi kusema nimesoma kitabu ambacho nilikiona jalada tu.

Lori lilikuwa limepakiwa, dereva anakunywa chai kibandani. Karisa alikuwa juu akifunga turubai. Mdomo ulikuwa umevimba, nyuzi nyeusi zimesimama. Alipomwona Mwidani hakushuka. Aliendelea kuvuta kamba.

"Karisa, mwanangu, nimekukosea!" Mwidani akaita kutoka chini. Akasema yote. Msikiti, jeneza, kaburi, namba sita, kumi juu ya kumi. Akasema, "Nimeapa uongo kwa jina la Mungu, nimekula haki yako. Wallahi..." Akakatiza. Neno lile sasa lilikuwa chungu ulimini mwake. Machozi yalimtoka, na makuli wawili waliokuwa wamelala juu ya magunia wakainua vichwa kumtazama mzee anayelia, kisha wakalala tena.

Karisa akateremka. Alitoa kalamu mfukoni, akaokota pakiti tupu ya sigara, akaikunjua. Aliandika pole pole, akampa.

*Hapa hakuna anayekujua. Kaseme Bofu.*

Mwidani alisoma, masikio yakamwaka moto. Kwa maana ilikuwa kweli. Alipokuwa akilia pale, chini kabisa ya moyo alikuwa ameona wepesi kidogo, kwamba ni Miritini, na kwamba wale makuli hata jina lake hawalijui. Karisa alikuwa ameuona wepesi huo. Kijana yule alikuwa na jicho la jaji.

"Twende basi," Mwidani akasema. "Leo hii. Na spika ipo."

Dereva alitoka kibandani akifuta masharubu. "Utingo! Ukishuka hapa, usinirudie. Wapo kumi wanaotaka nafasi hiyo."

Karisa alimtazama dereva, akamtazama Mwidani. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima mpira kabla haujapigwa. Kisha akapanda juu ya lori, akatupa mfuko wake ndani ya pikapu. Hawajawasha gari, utingo mwingine tayari yuko juu ya turubai. Na mbele ya pikapu hapakuwa na mteremko, wakasukuma wote watatu, jaji, mfuaji na mchezaji, Chengo akiwa usukani.

Walifika Bofu watu wanatoka msikitini baada ya magharibi. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwidani akashangaa. Nani amewaita?

Katikati ya watu, juu ya ile meza ya asubuhi, amesimama Jumaa na kombe mkononi.

"Kosa ni langu!" Jumaa alikuwa akipaza sauti. "Kona zile hakuzuia Jumaa, alizuia Karisa! Na Mwalimu hakujua! Aliniuliza Jumapili ileile, nani alivaa sita kipindi cha pili, nikamwambia ni mimi. Nimemdanganya mzee wa watu! Msimlaumu Mwalimu!"

Bi Zubeda alikuwa amejifunika buibui usoni, analia. Watu walipoiona pikapu, wakafungua njia. Imamu akamshika Mwidani bega.

"Pole, Mwalimu. Kumbe umedanganywa."

"Pole sana, Mwalimu."

"Mtu mzima kama wewe kuchezewa na mtoto!"

Unaona mlango huo, msomaji? Uko wazi, na nje kuna kivuli. Karisa atapata kazi yake. Kombe litarudi kwa mwenyewe. Mwidani atabaki Mwidani, jicho la Bofu, mtu aliyedanganywa na mkwe. Hana haja ya kusema neno. Akubali pole tu, aende nyumbani. Jumaa alikuwa akimtazama kutoka juu ya meza, na macho yake yalikuwa yakisema, nyamaza baba, nimekwisha kulibeba.

Mwidani aligeuka. Karisa alikuwa ameegemea pikapu, mikono kifuani. Mueni alikuwa kando yake na kikapu. Na pale ukutani mwa msikiti, kanga kichwani, alikuwa Johari.

Chengo alikuwa amezima injini ili watu wasikie. Akamkabidhi kipaza sauti.

Mwidani akabonyeza. Spika ikakoroma, uwanja ukatulia.

"Jumaa anasema uongo," akasema, na sauti yake ikafika mpaka makaburini.

Akaendelea. "Hakunidanganya. Sikumuuliza kitu. Mimi ndiye niliyesema uongo, kipindi cha pili sikuwepo, nilikuwa makaburini, na leo asubuhi hapa nimeapa..."

Lakini mbona watu wanapiga kelele?

"Umesikia? Mwongo! Mwalimu mwenyewe kasema!"

"Hata toba yake ya uongo!"

"Mshusheni! Mnyang'anyeni kombe!"

Mikono ilikuwa imeshika miguu ya Jumaa, wanamvuta chini. Kombe likaanguka, likakanyagwa. Bi Zubeda akapiga ukelele, Chengo na Mueni wakakimbilia mezani kuamua ugomvi. Jumaa hakupigana. Alikuwa akimtazama Mwidani tu, kama mtu aliyejitupa majini kumwokoa mwenzake, na mwenzake akamkanyaga kichwa. Pale ukutani Johari alivuta kanga usoni, akageuka, akaondoka.

Ndipo Mwidani alipotazama juu, kwenye spika. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa imezimika. Betri ilikufa baada ya yale maneno matatu.

"Mimi!" akapiga kelele. "Ni mimi! Nilikuwa makaburini! Niliapa uongo, ni mimi!"

Sauti yake ilimezwa na watu mia nne. Alisema yote, kwa nguvu zote, mpaka koo likamkauka, na katika uwanja mzima aliyekuwa karibu ya kutosha kumsikia alikuwa mtu mmoja tu.

Karisa. Mwenye nyuzi saba mdomoni.